Ukili na Mkeka: Jinsi Maoni ya Siasa Yalivyoshonwa Kuwa Imani katika Tanganyika

Mtu aweza kuwa na maoni mengi ya siasa wala asiwe na imani ya siasa. Aweza kuichukia kodi na bado akamheshimu mtawala aitozaye. Aweza kutaka shule kwa mtoto wake, asijali kama mtoto wa jirani ameipata. Aweza kulilia shamba lililotwaliwa, asione kwamba kilio chake kina udugu na ujira mdogo wa mpagazi wa bandarini. Maoni ya namna hiyo ni mithili ya kili zilizosukwa zikawekwa pembeni. Kila ukili una nguvu yake, lakini hapana awezaye kulala juu yake. Huwa mkeka pale tu mshonaji anapokutanisha ukingo na ukingo. Itikadi ni ule mkeka: ni maoni yaliyoshikamana hata ajuaye rai ya mtu juu ya jambo moja akaweza kukisia rai yake juu ya jambo la pili na la tatu. Basi hapana budi kuuliza nani hushona, kwa uzi gani, na kwa nini mshono mmoja hudumu ilhali mwingine hufumuka.

Swali hili si geni katika historia. Katika Ufaransa ya mwaka 1789, wajumbe wa Baraza la Taifa walipobishana kama mfalme apewe uwezo wa kuzuia sheria, waliomtetea walikaa upande wa kuume wa mwenyekiti, na waliompinga wakakaa kushoto. Tangu hapo viti vikawa majina ya itikadi: mtu wa kushoto alitarajiwa kuwa na rai yake juu ya kanisa, juu ya mali, na juu ya haki za maskini, ingawa mambo hayo hayakuwa ndiyo yaliyomkalisha upande ule. Mwaka 1964 mtaalamu wa Marekani, Philip Converse, aliyechunguza maoni ya wapiga kura wa nchi yake, alitoa hoja iliyowashtua wengi. Alionyesha kwamba ni wachache tu ambao maoni yao yalishikamana kwa kanuni moja. Wengi walikuwa na maoni yaliyotawanyika, na mengine hayakudumu hata kutoka mwaka hadi mwaka. Walioshikamanisha walikuwa hasa wasomi na wanasiasa.

Tanganyika yatoa mfano ulio bora kuliko mingi, kwa kuwa kazi ya kushona ilifanyika mbele ya macho ya watu katika muda wa miaka isiyozidi ishirini, nayo ikaishia katika maandishi yaliyojiita imani waziwazi. Aidha, mfano huu una funzo lisilopatikana kwa urahisi katika nchi ambazo vyama vyake ni vikongwe: waonyesha nini hutokea itikadi inapokamilika kwa mshonaji kabla haijakamilika kwa wale wanaotakiwa kuikalia.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 malalamiko yalikuwa mengi, lakini kila lalamiko lilikaa kwao. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili mashamba yagawiwe walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa dhuluma hiyo. Huko Uluguru watu walishurutishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani ili udongo usichukuliwe na mvua. Mwaka 1955 uchungu wao ukazusha ghasia. Usukumani amri zilihusu kupunguza ng'ombe na namna ya kulima pamba, na huko huko wakulima walikwisha kuanza kujenga vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Mijini, makarani waliona uchungu kwa kunyimwa vyeo, na wapagazi kwa udogo wa ujira. Mwaka huo huo wa 1955 shirikisho la vyama vya wafanyakazi likaundwa, Rashidi Kawawa akiwa katibu wake.

Ukiyatazama malalamiko haya kwa macho ya mantiki tu, huoni kwamba moja lamzaa jingine. Mluguru aliyechukia matuta hakulazimika kwa akili kumpenda karani aliyetaka cheo cha Mzungu. Huenda karani mwenyewe alipopata cheo angekuja kumwamuru achimbe matuta yale yale. Mfanyabiashara wa pamba alitaka bei, mpagazi alitaka mshahara, Mmeru alitaka ardhi, na Mwislamu wa pwani alitaka watoto wake wasiachwe nyuma katika elimu iliyokuwa mikononi mwa wamisionari. Wote walikuwa na haki, lakini haki zao hazikuwa na jina moja.

Jina lilipatikana pole pole. Chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929 kilikuwa zaidi cha watumishi wa serikali na watu wa mjini. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wake, na tarehe 7 Julai 1954 kikageuzwa kuwa Chama cha Taifa cha Waafrika wa Tanganyika, TANU. Jambo lililofanywa na chama hiki halikuwa kugundua dhuluma mpya, bali kusema kwamba dhuluma zote zina chanzo kimoja, nacho ni kutawaliwa. Matuta yalichimbwa kwa shuruti kwa sababu aliyeamuru hakuchaguliwa na mchimbaji. Ardhi ya Meru ilichukuliwa kwa sababu mwenye ardhi hakuwa na sauti barazani. Ujira ulikuwa mdogo kwa sababu mpimaji wa ujira alikuwa mgeni. Kwa hoja hiyo moja, ukingo wa ukili ulikutana na wa pili. Mtu aliyelia kwa ajili ya ng'ombe aliweza kusema uhuru, na aliyelia kwa ajili ya cheo akasema uhuru, na kila mmoja akadhani mwenziwe amesema lile lile.

Uzi wa hoja haukutosha peke yake. Ulihitaji mikono. Lugha ya Kiswahili iliiwezesha hotuba iliyotolewa Mnazi Mmoja kurudiwa Tabora na Mwanza pasipo mkalimani. Bibi Titi Mohamed alikwenda katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, ambavyo tayari vilikuwa na viongozi, ada na umoja wa makabila mengi, akavigeuza kuwa jeshi la kuuza kadi za chama. Wanawake hao hawakuanza kwa kusoma itikadi. Walianza kwa kuaminiana. Imani yao katika chama ilipita katika imani waliyokuwa nayo kwa dada na shoga zao. Hapa ndipo somo la kwanza: maoni mengi hushikamana si kwa kuwa yanafanana, bali kwa kuwa watu wenye maoni hayo wamekwisha kushikamana.

Serikali nayo, bila kukusudia, ilisaidia kushona. Gavana Edward Twining alitaka nchi yenye mataifa matatu yaliyo sawa katika Baraza la Kutunga Sheria, na kuanzia mwaka 1955 wajumbe wasio wa serikali wakawa 10 Waafrika, 10 Waasia, na 10 Wazungu, ingawa Waafrika walikuwa zaidi ya 8,000,000 na Wazungu wapatao 20,000. Siasa hiyo ikateremshwa hadi katika mabaraza ya wilaya. Geita, mwaka 1958, watu walikataa baraza la mchanganyiko lililowekwa juu yao, na upinzani wao ukachukua pamoja nao hasira za ng'ombe, za pamba, na za machifu waliotii amri. Chama chenyewe kilikuwa kimenyimwa kibali katika sehemu kubwa ya Usukuma tangu 1954. Kwa hiyo mkulima hakuhitaji kufundishwa na mtu kwamba ng'ombe na baraza ni kesi moja; aliona kwa macho yake kwamba mkono ulioandika amri hii ndio ulioandika ile.

Mpaka hapo itikadi ilikuwa nyepesi, maana adui akiwa mmoja hakuna haja ya kukubaliana juu ya mengine. Mtihani ulikuja Tabora, Januari 1958. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kwanza, nayo iliweka sharti kwamba kila mpiga kura achague wajumbe watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake ihesabiwe imeharibika. Haki ya kura yenyewe ilifungwa kwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo. Wanachama wengi walikuja Tabora wakiwa na nia ya kuususia uchaguzi. Hoja yao ilikuwa safi: chama kilichopinga usawa wa uongo wa mataifa matatu hakiwezi kuingia katika uchaguzi uliojengwa juu ya uongo huo. Nyerere alisimamia hoja nyingine, kwamba kususia ni kuacha viti vyote kwa chama cha UTP kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa kupendwa na serikali, na kwamba njia fupi ya kuua sharti la kura tatu ni kushinda chini ya sharti hilo. Mkutano ulikubali, na uamuzi ule ukaitwa wa busara.

Ajabu ya Tabora ni kwamba swali lilikuwa la mbinu, bali jibu likazaa imani. Mara chama kilipokubali kura tatu, kililazimika kutafuta Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono; kikawapata watu kama Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Kikalazimika kuwaambia wanachama wake kwamba Mzungu aweza kuwa mwenzi, na kwamba shabaha ni utawala wa kikoloni, si rangi ya mtawala. Uchaguzi ulipofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, wote waliosimama kwa idhini ya chama wakashinda. Lile lililoanza kuwa hila ya uchaguzi sasa lilikuwa deni la heshima. Usawa wa raia bila kujali rangi ukawa ukili wa pili, ulioshonwa pembeni mwa uhuru.

Waliokataa Tabora nao walishona wao. Zuberi Mtemvu alitoka TANU akaunda chama cha African National Congress, na hatua kwa hatua kukataa kura tatu kukafuatana na dai la Afrika kwa Waafrika, na dai hilo likafuatana na shauri kwamba kazi zote wapewe Waafrika upesi. Upande mwingine, mzee mheshimiwa Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa wazee wa TANU wa Dar es Salaam, alihofu kwamba masharti ya elimu yatawapa Wakristo viti na kuwaacha Waislamu nyuma. Mwaka 1958 akatolewa chamani. Mwaka 1959 chama cha AMNUT kikaundwa, nacho kikataka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha. Msomaji atazame jinsi hoja moja ya elimu ilivyoweza kwenda njia mbili. Waislamu walio wengi walikuwa na uchungu ule ule wa shule, lakini wakabaki TANU na kuufungia uchungu huo katika tumaini la uhuru. Wachache waliufungia katika hofu ya uhuru. Uchungu wenyewe haukuchagua itikadi. Kilichochagua ni ukili gani ulioshonwa kando yake.

Ushindi wa TANU ulikuwa mkubwa hata ukaficha tofauti zilizobaki ndani. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 chama kilipata viti 70 kati ya 71. Tofauti zikajitokeza Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba, Bunge lilipojadili sheria ya uraia. Baadhi ya wajumbe, akiwamo Christopher Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli, walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Hawa hawakuwa wafuasi wa Mtemvu. Walikuwa ndani ya kambi iliyoshinda. Nyerere alijibu kwa ukali kwamba kumpima mtu kwa rangi ni dhuluma ile ile iliyopiganiwa, akasema serikali yake itajiuzulu sheria hiyo ikikataliwa. Sheria ikapita.

Tukio hili ladhihirisha hitilafu ya ndani ya kila itikadi. Kwa kiongozi, kupinga ukoloni na kukataa ubaguzi yalikuwa jambo moja, kwa kuwa yote mawili yalitoka katika kanuni ya usawa wa binadamu. Kwa wajumbe wale, kupinga ukoloni na kudai upendeleo wa Mwafrika yalikuwa jambo moja, kwa kuwa yote mawili yalitoka katika kumbukumbu ya kudhulumiwa kwa sababu ya rangi. Wote walikuwa na mantiki. Walianza katika neno moja, wakafika mahali pawili, maana chini ya neno lile palikuwa na misingi miwili. Tena chama chenyewe hakikuwa kimelimaliza jambo hilo: wasio Waafrika hawakuruhusiwa kuwa wanachama wa TANU mpaka mwaka 1963. Itikadi ya barazani ilikuwa imekwenda mbele ya kadi ya uanachama.

Mambo yaliyofuata yalirudi palepale. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakiimarishe chama, na serikali ya Kawawa ikaharakisha kuwapa Waafrika kazi za serikali. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka huo, Mtemvu alipata kura zipatazo 21,000, Nyerere akapata zaidi ya 1,100,000. Mtu angeweza kudhani kwamba rai za Mtemvu zimekufa. Lakini mwanzoni mwa Januari 1964 Mwalimu alipotangaza kwamba upendeleo wa rangi katika ajira za serikali umekwisha na raia wote ni sawa, vyama vya wafanyakazi vilinung'unika. Na tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito waliasi wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Serikali iliomba msaada wa majeshi ya Uingereza kuwazima, aibu iliyomchoma kila mpenda uhuru. Baada yake viongozi wengi wa wafanyakazi walitiwa kizuizini, shirikisho lao likavunjwa, na NUTA ikawekwa mahali pake chini ya uangalizi wa chama. Kura zilikuwa zimehesabu vyama. Hazikuwa zimehesabu maoni. Wengi waliompa Nyerere kura yao walikuwa na ukili wa Mtemvu mapajani.

Kutokana na misukosuko hiyo yaeleweka kwa nini Mwalimu alitaka imani iandikwe. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ujamaa alishika kwamba ujamaa ni hali ya moyo kabla ya kuwa mpango wa mali: tajiri aweza kuwa mjamaa na maskini aweza kuwa bepari, kwa kadiri kila mmoja anavyomtazama mwenziwe. Alijenga hoja yake juu ya jamaa wa Kiafrika, ambamo kila mtu alikuwa mfanyakazi na hakuna aliyeachwa na njaa. Mwaka 1963 hati za ardhi ya milki ya kudumu ziligeuzwa kuwa za kukodi kwa serikali, na mamlaka ya machifu yakafutwa. Hatua hizi mbili zilionekana tofauti, lakini katika fikira za mtungaji zilikuwa moja: ardhi si bidhaa, na utawala si urithi.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na katika mabango yao lilikuwamo neno kwamba afadhali ukoloni. Zaidi ya wanafunzi 300 walifukuzwa. Papo hapo Mwalimu akakata mshahara wake kwa asilimia 20, akikiri kwamba tabaka la wasomi na viongozi limeanza kuutazama uhuru kama mlo wao. Miezi michache baadaye, Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Kesho yake mabenki yakataifishwa.

Azimio la Arusha lastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa mambo haya kwa muundo wake kabla ya maudhui yake. Halianzi na mabenki wala na mashamba. Laanza na mambo ambayo chama chayaamini: kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba kila mtu astahili heshima, kwamba ana haki ya kupata malipo ya haki kwa kazi yake. Kutoka hapo lashuka ngazi kwa ngazi. Ikiwa wote ni sawa, basi asiwepo wa kumnyonya mwingine. Ikiwa unyonyaji hutoka katika kumiliki njia kuu za uchumi, basi njia hizo ziwe za umma. Ikiwa fedha za wageni huleta utegemezi, basi nchi itegemee ardhi na jasho lake. Na ikiwa viongozi ndio walinzi wa yote hayo, basi kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni ya kibepari, wala asipangishe nyumba. Katika miaka ya 1950 maoni yalipanda kutoka katika matuta na ng'ombe mpaka kufika uhuru. Mwaka 1967 maoni yalishuka kutoka katika imani mpaka kufika kwenye kodi ya pango. Mkeka ulikuwa umekamilika.

Ndipo ilipoonekana ni akina nani waliokuwa na kili chache tu. Bibi Titi Mohamed, ambaye labda hakuna aliyemzidi kwa kukieneza chama mjini, hakukubali sharti la nyumba. Kwa mwanamke wa mjini mwenye elimu ndogo ya shule na asiye na pensheni, nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo kinga ya uzee wake, tunda la jasho lake, si chombo cha unyonyaji. Naye akajitoa katika uongozi. Yafaa msomaji asiharakishe kumhukumu, wala asiharakishe kuhukumu Azimio. Alikuwa ameamini uhuru, usawa, na heshima ya wanawake, kwa vitendo kuliko wengi walioandika juu ya mambo hayo. Katika maisha yake, nyumba yake ilikuwa ushahidi wa uhuru. Katika Azimio, nyumba ile ile ilikuwa doa. Mantiki ya karatasi na mantiki ya maisha zilipokutana mlangoni, moja ililazimika kurudi nyuma. Oscar Kambona naye, aliyekuwa katibu mkuu wa chama, aliondoka nchini mwaka huo huo.

Kwa wananchi wa kawaida hadithi ilikuwa nyingine. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wapiga kura walichagua kati ya wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na wa pili ya nyumba. Wagombea wote walikuwa na itikadi ile ile kwa mdomo. Hata hivyo wabunge wengi waliangushwa, na miongoni mwao Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliyekuwa shujaa wa ushirika wa pamba. Wananchi walipokosa kuchagua kati ya imani mbili hawakukosa cha kuchagua. Walimpima mtu: amerudi kwetu, au ametusahau?

Palikuwapo hata hivyo mahali ambapo imani ilishuka na maoni yakapanda, vikakutana katikati. Katika mkoa wa Ruvuma vijiji kadhaa, Litowa kikiwa cha kwanza, vilikuwa vimeanza maisha ya ujamaa kabla ya Azimio, vikajiunga katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walilima pamoja, wakaendesha shule yao, wakaamua mambo yao mikutanoni. Hawa ndio waliouelewa ujamaa pasipo kusomewa. Mwaka 1968, katika andiko lake Uhuru na Maendeleo, Mwalimu alisisitiza kwamba hakuna awezaye kushurutishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama cha Ruvuma, kwa kuwa hakikuwa chini ya mamlaka ya chama. Mshonaji alifumua mshono wa pekee ambao hakuushona yeye, na ambao huenda ungekuwa imara kuliko wake. Kuanzia mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na mamilioni ya wakulima wakahamishwa katika miaka mitatu iliyofuata. Wazee waliokumbuka matuta ya mwaka 1955 hawakukosa kulinganisha. Amri ya mgeni na amri ya mwenyeji zilitoka katika imani mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Lakini kwa mwenye kuamriwa, uzito wa jembe ulikuwa ule ule.

Mwisho wa jambo waonyesha ukweli huu kwa utulivu. Februari 1991, kwa maazimio ya Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti ya viongozi yaliyowekwa Arusha, na viongozi wakapata kuwa na hisa na kupangisha nyumba. Kamba hukatikia pabovu, na mshono ule ambao wakubwa walikuwa wameubeba kwa shida ndio uliokatika kwanza. Mwaka huo huo Tume ya Jaji Francis Nyalali ilianza kukusanya maoni juu ya mfumo wa vyama. Wananchi zaidi ya 36,000 walitoa maoni, na takriban asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Walakini wengi kati yao walitaka ndani ya chama hicho mabadiliko makubwa, ambayo, yakijumlishwa, yangekifanya chama kisiwe kile kile. Tume ilisikiliza maoni hayo kama yalivyokuwa, yaani yenye nyuzi zilizokwenda huku na huku, ikashauri vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Hata leo Katiba ya nchi yaitaja Jamhuri kuwa ya kidemokrasia na ya kijamaa, na papo hapo yenye mfumo wa vyama vingi.

Katika historia hii nyuzi tatu zaonekana. Wa kwanza ni mantiki, nao ni uzi wa wachache. Una nguvu katika maandishi lakini hauwashiki wengi. Wa pili ni ujamaa wa watu wenyewe kwa wenyewe, yaani ngoma, ushirika, msikiti, kanisa, karakana. Watu huchukua maoni ya wale wanaowaamini kabla ya kuyapima. Wa tatu ni maisha yenyewe: mkono mmoja unapoandika amri mbili, mwenye kuamriwa huziunganisha bila mwalimu. Mwaka 1958 nyuzi zote tatu zilivutana upande mmoja, na uhuru ukaja haraka kuliko wengi walivyotazamia. Baada ya 1967 uzi wa mantiki ulivutwa peke yake, tena kwa mkono wa serikali.

Yamkini hili ndilo jambo la kukumbukwa na wale wanaojifunza itikadi vyuoni, kwa kuwa wao ni jamaa wa uzi wa kwanza. Wepesi wao ni kumwona mwananchi asiyeshikamanisha maoni yake kuwa hajui siasa. Mluguru aliyekataa matuta alijua siasa. Bibi Titi alijua siasa. Mkulima wa Litowa aliijua kuliko waliokivunja chama chake. Walichokuwa hawana ni wakati wa kukisoma kile ambacho wengine walikiandika kwa jina lao. Na mkeka, hata uwe wa ukili mzuri namna gani, hauwi wa nyumba mpaka wenye nyumba wameutandika wenyewe.